Mke wangu anataka niuze PS5

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 33, naishi Tabata, Dar es Salaam, na mke wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa ana miaka sita, mdogo amezaliwa mwaka huu. Ni mhasibu kwenye kampuni ya usafirishaji. Sinywi, sivuti, sibeti. Jioni nikishaoga na kula, starehe yangu ni gemu. Nimecheza tangu shule ya msingi, enzi za kulipia mechi kwenye vibanda vya PlayStation, na hii PS5 niliyonayo niliinunua kabla mtoto wa pili hajazaliwa, kwa pesa niliyodunduliza mwenyewe, mke wangu akijua.

Sasa mama watoto anataka niiuze. Tuna kiwanja Chanika kinachohitaji uzio, na anasema hela ya kuanzia imekaa chini ya TV inakula umeme wa LUKU. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa uzazi. Lakini amelirudia jambo hili tena na tena, na juzi alilisema mbele ya kaka yake. Shemeji akacheka, akaniuliza kama na mimi nitaandikishwa chekechea. Nilinyamaza. Tangu siku ile mazungumzo ya ndani yamebaki kuwa chumvi imeisha, gesi imeisha.

Nikueleze ninavyocheza, ili unishauri ukiwa unaijua hali yenyewe. Ninacheza magemu ya aina mbili. La kwanza ni la mpira, la mtandaoni. Tuko kikundi cha wanaume sita, wengi nilisoma nao. Mmoja yuko Mwanza, mwingine alihamia Muscat kikazi. Saa tatu usiku tunavaa hedifoni, tunashika pedi za kuchezea, tunapiga stori huku tunacheza. Wikiendi kuna mashindano: unapewa idadi ya mechi, ukishinda nyingi unapata zawadi za kuboresha timu. Timu yenyewe inajengwa kwa pakiti za wachezaji. Unaweza kuzipata kwa kucheza, au ukanunua pointi kwa pesa. Mimi hununua mara mojamoja tu.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wiki iliyopita nilikuwa dakika ya 78, nimefungwa mbili moja, mtoto akalia. Mechi ya mtandaoni huisimamishi utakavyo, na ukitoka umepoteza. Nikaitikia, "Nakuja, dakika mbili." Mke wangu akatoka chumbani na mtoto begani, akasimama nyuma ya kochi, akaikodolea macho ile saa ya kona ya skrini mpaka filimbi ya mwisho. Hakugomba. Akaniambia, "Ukishika hiyo pedi, wewe haupo," akarudi ndani.

Gemu la pili ni la hadithi, linaitwa Clair Obscur: Expedition 33. Limetengenezwa Ufaransa, limetoka Aprili 2025. Kuna mji unaitwa Lumière, na ng'ambo ya bahari umesimama mnara mkubwa wenye namba. Kila mwaka kiumbe anayeitwa Mchoraji huamka, akaifuta ile namba na kuandika iliyopungua moja, na kila aliyefikisha umri huo huyeyuka na kuwa petali za maua mbele ya watu wake. Hadithi inapoanza, namba inayoandikwa ni 33. Wanaoondoka wamevishwa mashada shingoni, wanateremka bandarini na ndugu zao, wengine wanacheka, wengine hawawezi kuongea. Mjomba, na mimi nina miaka 33. Sophie, mmoja wa wanaoondoka, alipotoweka mbele ya Gustave, mpenzi wake wa zamani, nilibaki nimeshika pedi bila kubonyeza kitu.

Mke wangu alikuwa kwenye kochi ananyonyesha. Nilidhani amesinzia. Akauliza, "Huyo dada ndiyo kafa?" Nikamweleza habari ya namba. Akauliza tena, na huyo mwanaume aliyebaki ana miaka mingapi? Usiku ule alikaa mpaka nilipozima TV, na siku zilizofuata aliniuliza wamefikia wapi. Sijalimaliza mpaka leo, maana kila ikifika jioni kikundi kinanisubiri.

Kuna jambo lingine linanisumbua. Huo mpira wenyewe siku hizi siufurahii. Nikishinda napumua tu, nikifungwa nalala na hasira na asubuhi nimechoka. Lakini nisipoingia naona nawaangusha wenzangu, na zawadi za wiki zinanipita. Nao sasa wanapanga GTA VI, iliyosogezwa kutoka 2025 kwenda 2026, kwamba siku ikitoka tuwe ndani wote usiku wa kwanza.

Naomba unijibu mambo matatu. Je, mimi ni mraibu? Mwanaume mwenye familia kucheza gemu ni utoto kama shemeji anavyosema? Na je, niuze?

Baba wa wawili, Tabata


MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu, na hongereni kwa mtoto.

Nianze na lile la mwisho. Usiuze, kwa sasa. Lakini ule mpira wa kila usiku usimamishe wiki hii hii, na nitakueleza kwa nini nimeyatenganisha hayo mawili.

La utoto tulimalize haraka. Wazee wanaokaa chini ya mwembe wakicheza bao tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi hakuna anayewaambia waende chekechea. Wanafikiri, wanapanga, wanataniana, wanarudi nyumbani vichwa vimepoa. Gemu ni mchezo kama huo, na hilo ulilotaja la Wafaransa limetengenezwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima. Lilizoa tuzo ya gemu bora la mwaka 2025 kwenye The Game Awards kwa sababu linaongea habari ya kifo na kuachwa kwa namna inayomgusa mtu. Kwa hiyo shemeji kakosea. Ila mchezaji wa bao ana kitu ambacho wewe saa tatu usiku huna. Mjukuu akija akasema bibi anaumwa, mzee ananyanyuka. Kete zinabaki pale pale na mwenzake anasubiri.

Irudie sentensi ya mkeo: "Ukishika hiyo pedi, wewe haupo." Hakukwambia gemu ni baya. Hakukwambia unapoteza muda. Amekwambia ameita na hakumpata mtu. Mwanamke aliyetoka kujifungua, usiku, mtoto analia, anasimama nyuma ya kochi kuhesabu dakika za mechi ya watu asiowajua. Mimi katika barua yako nzima sijaona kosa la PS5. Nimeona gemu moja ambalo limetengenezwa usiweze kuliacha unapoitwa, na umelipangia saa zile zile ambazo nyumba yako inakuhitaji.

Na limetengenezwa hivyo makusudi; hili nataka ulielewe vizuri, kwa sababu unajilaumu bure kwamba unawaangusha wenzako. Chukua mashindano ya wikiendi. Kwenye FIFA 17, gemu la mpira ambalo siku hizi linaitwa FC, yalipoanza, mchezaji alipewa mechi 40. Piga dakika ishirini kwa kila moja: zinapita saa 13, zote ndani ya mwisho wa juma mmoja. Wachezaji wenyewe walilalamika, idadi ikapunguzwa mara kadhaa mpaka ikafika 15 kwenye FC 25. Hata hizo 15 ni saa tano, na ni saa tano zisizokatika, maana kila mechi ina mpinzani wa kweli upande wa pili. Halafu inakuja Septemba, toleo jipya linatoka, na kikosi ulichokijenga mwaka mzima hakihami nawe. Unaanza upya na wachezaji wa kuokoteza, pakiti zinakusubiri dukani. Mhasibu anayeona mali ikifutwa kwenye vitabu kila mwaka, kisha akaambiwa ainunue tena, angeuliza maswali.

Tumefika kwenye pakiti. Umeandika kwamba hununua "mara mojamoja tu", ukapita haraka. Mpwa wangu, wewe kazi yako ni hesabu, na jambo hili la pesa hukuliwekea tarakimu hata moja. Umesema pia hubeti. Pakiti unalipa kabla ya kujua kilichomo, na unachotarajia kukipata ni nadra. Tangu FIFA 19 uwezekano wa kupata wachezaji wa viwango vya juu unaandikwa kwenye pakiti yenyewe. Ukisoma, mara nyingi utakuta ni chini ya asilimia moja. Ubelgiji, mwaka 2018, tume yao inayosimamia michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba masanduku na pakiti za namna hii zinazouzwa kwa pesa halisi ni kamari kwa sheria zao, na mapema mwaka 2019 pointi za FIFA zikaacha kuuzwa nchini humo. Nchi nyingine zimeamua tofauti. Mimi nakuomba tu ufanye kazi ya fani yako: fungua akaunti yako, ingia kwenye orodha ya miamala, jumlisha kila senti ya pointi tangu uinunue mashine. Fanya hivyo mkeo akiwa amekaa pembeni yako, na usimpe jumla uliyoifanya peke yako chumbani. Huenda ni kidogo, basi atapumua. Huenda inatosha matofali ya upande mmoja wa uzio, basi mtajua wote wawili hela ya Chanika ilikuwa inapita wapi. Sitashangaa mkikuta alichokuwa anakihisi ndicho kilichopo, ila aliielekeza hasira kwenye mashine kwa sababu ndiyo anayoiona.

Umeme nao tuutoe njiani. PS5 ikicheza gemu zito hutumia kama wati 200. Ongeza na TV. Saa mbili za usiku hazifiki uniti moja ya LUKU. Mwambie hivyo kwa upole, mara moja, na usitumie jibu hilo kumnyamazisha, kwa sababu umeme haukuwa shida yake.

Kuhusu uraibu, Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la uchezaji gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo linaloitwa ICD-11, lililoanza kutumika Januari 2022. Wanaangalia mambo matatu. Mtu ameshindwa kujizuia: lini aanze, lini aache, acheze kiasi gani. Gemu limepanda juu ya mambo mengine ya maisha. Na anaendelea, hata akizidisha, wakati anaona madhara. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 na imevuruga kweli familia, kazi au masomo. Wewe unakwenda kazini, unahudumia, unatafuta ushauri. Sioni ugonjwa hapo, ingawa mimi si daktari. Ninachokiona ni mtu anayecheza kitu asichokifurahia, halafu analala kwa hasira, na hiyo ndiyo dalili ya kuishughulikia mapema. Ukiacha huo mpira wiki mbili tatu ukajikuta huwezi, unachungulia simu kuangalia zawadi, unamkasirikia mtoto kwa kulia, basi nenda hospitali ukaonane na mtaalamu wa afya ya akili, na uende na mkeo.

Sasa nije kwenye sehemu ya barua yako niliyoipenda kuliko zote. Mkeo ananyonyesha, anakuuliza, "Huyo dada ndiyo kafa?" Kisha anauliza umri wa Gustave. Hebu fikiri ni kwa nini aliuliza umri. Alikwisha kuielewa hadithi nzima kwa swali moja: alikuwa anapiga hesabu huyo aliyebaki ana mwaka gani wa kuondoka. Mtu anayechukia gemu hapigi hesabu hiyo. Ndani ya barua nzima ni mahali pamoja tu mlipokuwa sebuleni wawili, mnatazama kitu kimoja, na ni mbele ya PS5 hiyo hiyo anayotaka iuzwe. Halafu ukaliacha gemu hilo ukarudi kwa wale wa hedifoni.

Lirudie. Mwambie mama watoto kwamba unataka kulimaliza na unataka aone mwisho wake. Gemu lile kwenye mapigano linakwenda kwa zamu. Zamu yako ikifika linakungoja uamue, hata ukiamka kwenda kuchemsha maji ya mtoto. Na kwa magemu yote ya peke yako, PS5 ukiiweka kwenye hali ya mapumziko inakumbuka ulipoishia, kesho unaendelea hapo hapo. Hifadhi kwanza lakini, maana umeme ukikatika kumbukumbu ile inapotea, na kwetu hilo si jambo la kusimuliwa. Mtoto akilia, weka pedi chini kabla hajaitwa mtu. Fanya hivyo kila mara, bila kusema "dakika mbili". Utaona mabadiliko ndani ya nyumba mapema kuliko unavyodhani.

Ukilimaliza, kuna mengine yanayomfaa mtu mwenye saa moja ya usiku. Kuna Tales of Kenzera: Zau, la mwaka 2024, la mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, Abubakar Salim, aliyelitunga kutokana na msiba wa baba yake. Kijana Zau, mganga, anafanya makubaliano na Kalunga, mungu wa kifo, ili amrudishe baba. Si refu, na kubwa zaidi kwa nyumba yako ni kwamba unaweza kuchagua sauti za Kiswahili. Mama mwenye mtoto kifuani hahitaji kusoma maandishi ya skrini ndipo aelewe, anasikiliza tu. Mimi lilinifurahisha sana kusikia mizimu na mababu wakizungumzwa kwa lugha yetu kwenye gemu la kimataifa, na ningependa watu wetu wengi walicheze.

Kwa yule wa miaka sita, tafuta Astro Bot, gemu bora la mwaka 2024. Kiroboti kinaruka, kinaokoa wenzake, hakuna damu wala matusi. Mpe pedi yeye, wewe kaa pembeni Jumamosi mchana. Hapo mama anapata usingizi wa saa nzima, nyumba iko kimya, na mtoto anacheka na baba yake. Kuna wanaume hununua maua. Mkeo, kwa hali aliyonayo, naamini angechagua huo usingizi.

Silksong, lililotoka Septemba 2025 baada ya watu kulisubiri tangu 2019, ni gemu zuri mno na bei yake ni dola 20 tu wakati makubwa yanauzwa dola 70. Ila liache kwa sasa. Bosi mmoja, yaani adui mkubwa wa kumshinda, anaweza kukulaza na hasira kama ule mpira, na hasira ndiyo tunayoikimbia. Balatro, ambalo liko hadi kwenye simu, unalinunua mara moja na halikuombi hela tena, ingawa lina karata za poka ndani. Inanisikitisha kwamba huko Ulaya bodi ya viwango ya PEGI ililiwekea alama ya umri wa miaka 18 kwa sababu ya hizo karata za kuigiza, ikaja kuishusha hadi 12 mwaka 2025, huku magemu ya mpira yenye pakiti za pesa halisi yakiwa wakati huo na alama ya miaka mitatu. Usiitegemee alama ya kwenye kasha. Soma mwenyewe kama gemu linauza vitu ndani yake kabla hujamwachia mtoto.

Lipo pia It Takes Two la mwaka 2021, la kucheza wawili kwenye TV moja, habari ya mume na mke wanaotaka kuachana mpaka machozi ya binti yao yakawageuza wanasesere. Watu watakushauri uanze nalo. Mimi sikushauri. Mkeo hajaomba pedi, na ukimwekea hadithi ya talaka wakati huu atadhani unampelekea ujumbe. Akiomba siku moja mwenyewe, hapo sawa.

Jambo moja silioni kabisa katika barua yako. Umenieleza starehe yako, saa yake, wenzako watano, mmoja hadi Muscat. Mkeo starehe yake ni nini? Saa ngapi? Na nani? Hujaandika hata neno. Kabla hujaanza kuitetea saa yako, mpe yake. Muulize anaitaka lini, na iwe saa ambayo wewe ndiye una mtoto, simu yake inaweza kuzimwa, na hakuna wa kumgongea mlango kuuliza nepi ziko wapi. Aende saluni, aende kwa dada yake, alale. Hiyo itangulie kwa siku. Ya kwako ije baadaye, mtoto akishalala, ikiwa na mwisho unaojulikana na nyote.

Wale wenzako usiwatupe. Mwanaume wa rika lako anayeongea na marafiki zake wa shule kila wiki ana bahati, na huyo aliyeko Muscat pengine ile sauti ya usiku ndiyo inayomweka karibu na nyumbani kuliko unavyojua. Lakini urafiki wenu haukuanzia kwenye zawadi za wikiendi. Waambie wazi: nina mtoto mchanga, naingia usiku mmoja kwa wiki, mechi za kirafiki kati yetu, na nikiitwa naondoka bila kuaga. Rafiki atakuelewa. Na kwa GTA VI usimwahidi mtu usiku wa kwanza. Tarehe imesogezwa zaidi ya mara moja, na hata itakapotoka, gemu la ukubwa ule halikimbii. GTA V ya mwaka 2013 bado inachezwa.

Kuhusu shemeji, usimfuate. Jambo lile lizungumze na mkeo mkiwa wawili, hasira zikiwa zimeshuka, na umwambie bila kuzunguka kwamba kusemwa mbele ya kaka yake kulikuumiza. Ana haki ya kulisikia hilo. Na wewe una wajibu wa kusikia kwamba mtu hupeleka neno la chumbani kwa ndugu anapokuwa amelisema chumbani likakosa wa kulipokea. Mkielewana, shemeji utamkaribisha kama kawaida, na akitania tena mtacheka wote.

Kaeni hivyo kwa miezi mitatu: mpira wa kila usiku hakuna, pointi hazinunuliwi, na kile ulichokuwa unakitumia humo kinaingia kwenye daftari la kiwanja kila mwisho wa mwezi, mbele ya macho yake. Baada ya hapo muulize tena. Akisema bado anataka iuzwe, uza, bila kununa, kwa sababu hapo atakuwa anaongelea uzio kweli. Kabla hujaikabidhi kwa mnunuzi ondoa akaunti yako na uifute mashine irudi kama ilivyotoka dukani. Magemu uliyoyanunua kwa njia ya mtandao yanabaki kwenye akaunti, yatakuwepo siku mtakapopata nyingine. Yale ya diski yauze pamoja nayo, bei itapanda kidogo.

Mjomba